Mbwa Aliyemkojolea Yaya Feza

Mkojo wa mbwa mdogo hauna ukali wa mkojo wa mbuzi. Harufu yake ni nyepesi, inakaribia ile ya maji ya muhogo yaliyolala siku mbili kwenye sufuria, na jua likiupiga juu ya saruji unakufikia puani kabla hujaona palipolowa. Mwezi uliopita niliisikia harufu hiyo barazani kwangu, hapa Kindu, nikiwa na beseni la nguo kiunoni. Nililiweka chini nikakaa kwenye ngazi, na nguo zikanisubiri hadi mchana. Binti yangu Neema alidhani kichwa kinaniuma. Nilimwacha adhani hivyo, kwa sababu ukweli sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata baba yake. Ninyi nitawaambia, na sitajipamba.

Wakati ule wa vita nilikuwa na miaka tisa. Mji ulikuwa umefungwa. Baba yangu, fundi wa reli, aliondoka na treni ya mwisho kwenda Kongolo akakwama huko, na habari zake zilitufikia kwa midomo ya wapita njia, kila mmoja na yake. Reli iliota majani mpaka mbuzi wakaifanya malisho. Watu wenye bunduki walikuwa mjini, wengine wenye bunduki walikuwa msituni, na mashamba yetu yalikuwa katikati yao. Kwa hiyo tulikula kidogo. Chumvi Koko aliifunga kwenye pindo la kitenge chake, na ukiitaka sharti umwombe kwa adabu na uwe umenawa mikono. Koko ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Huyu alikuwa mama yake baba, na baba alipokosekana yeye ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Mbali naye tulikuwa mama, mimi, na mdogo wangu Amisi aliyekuwa bado ananyonya.

Mvua zilipoanza akaja Feza. Alikuwa binti wa mdogo wake mama, ana miaka kama kumi na minne, ametoka Kama, mji wa upande wa Pangi, kwenye machimbo ya dhahabu. Alitembea na watu asiowajua hadi Alunguli, ng'ambo ya mto, akavuka Lualaba kwa mtumbwi, akauliza nyumba hadi nyumba mpaka akaipata yetu. Wazazi wake na wadogo zake wawili "walibaki njiani". Neno ni lake, na mama alilielewa, kwa maana alijifunika kitenge usoni akakaa hivyo muda mrefu. Mimi nilimwita Yaya, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, na wiki ya kwanza nilimpenda sana.

Wiki ya pili nilianza kuhesabu makosa yake. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, vizuri kuliko mimi, na mama akasema hivyo mbele ya watu. Alikuwa akiimba kwa pua akimbeba Amisi, na Amisi, aliyekuwa hanyamazi hata kwa mama yake mzazi, ananyamaza. Halafu Jumapili moja mama akakaa chini kusuka nywele, akamwita Feza kwanza. Mimi nilikuwa nimeshaleta kitana na kigoda. Najua ni jambo dogo, lakini kichwa changu kilibaki nusu kimefumuliwa hadi jioni, na sijalisahau mpaka leo.

Katika siku hizo ndipo alipokuja mbwa. Baba mdogo mmoja wa upande wa Obokote, mwindaji, alipita kwetu akikimbia vita, akalala siku mbili. Hakuwa na kitu cha kutuachia isipokuwa mbwa mchanga aliyembeba ndani ya koti, mwekundu, mwenye paji la uso lililojaa mikunjo kana kwamba ana mawazo. Alimweka mikononi mwangu mbele ya wote.

"Mwamini, huyu njo yako. Umulishe vizuri, atakulinda."

Kisha akamgeukia Koko, akamweleza jambo ambalo wawindaji wa kwao hulifanya. Mtoto wa mbwa akiwa bado mchanga, hutiliwa maji ya majani fulani puani na machoni, ili akikua asipotewe na mnyama hata gizani.

"Tulimutilia dawa, mama. Kintu yenye muntu haioni, yeye anaiona."

Sisi watoto wa mjini habari kama hizo zilitupita. Koko alizaliwa msituni kabla ya kuolewa mjini, na yeye alizichukua nzima.

Tulimpa mbwa jina la Komanda, kwa sababu alikuwa hafanyi kazi na anakula wa kwanza. Siku moja askari wakapita njiani na mimi nikawa namwita kwa sauti yangu yote. Mama alinifunika mdomo kwa mkono wenye unga wa muhogo, na kuanzia saa ile mbwa akaitwa Bahati.

Mimi ndiye niliyepewa Bahati, na nataka mlikumbuke hilo. Nilimtengenezea kitanda cha gunia chini ya banda la kuku wasiokuwapo. Nilimtoa chawa. Nikimwita alikuja, ndiyo, akitembea, akasimama, akanitazama kuona nina nini mkononi. Kwa Feza alikuja akianguka. Alikuwa akimwona tu anatoka mlangoni anakimbia masikio yamelala nyuma, sehemu yake yote ya nyuma inayumba pamoja na mkia, na akifika miguuni pake anajitupa chini, anageuza tumbo juu, anatetemeka kuanzia midomo hadi makucha, na hapo hapo anakojoa. Mara nyingine mkojo ulimfikia Feza kwenye vidole vya miguu. Kwa mtu mwingine yeyote nyumbani hakufanya hivyo.

Mara ya kwanza tulicheka sote, na Feza alicheka kuliko sote. Mara ya pili Koko hakucheka. Koko aliswali mara tano kwa siku, na sahani iliyoguswa na mbwa aliiosha mara saba, kwa hiyo mkojo uani kwake ulimwongezea kazi. Lakini mara ya tatu niliona anamtazama Feza badala ya kumtazama mbwa.

Kisha Amisi akashikwa na homa. Dawa hakuna, zahanati ilikuwa imebaki kuta, na homa ilikuwa inakuja mchana na kuondoka jioni kama mfanyakazi. Watu wenye hofu hutafuta sababu iliyo karibu. Koko akaanza kuuliza maswali yake akiwa anachambua mchele, bila kumtaja mtu. Inakuwaje watu watano watoke kwao na afike mmoja? Inakuwaje huyo mmoja hana hata mkwaruzo? Inakuwaje mtoto anyamaze kwa mgeni kuliko kwa mama yake? Na mbwa aliyetiliwa dawa, kwa nini amwone mtu huyo huyo aanguke na kujikojolea?

Sasa niseme nilichokijua mimi.

Kila asubuhi, kabla Koko hajamaliza kuswali, Feza alikuwa anakwenda nyuma ya jiko. Nilimfuata mara moja kwa wivu, nikidhani anakula kwa siri, na baada ya hapo nilimfuata kila siku. Mlango wa jiko ulikuwa wa mbao zilizoachana. Nilisimama ndani, nyuma ya mlango huo, nikatazama nje kwa ufa. Feza alikuwa na ukoko wa wali wa jana, sehemu yake mwenyewe aliyoibakiza, na wakati ule hakuna aliyekuwa anabakiza. Aliutafuna kwanza ukalainika, akamwekea Bahati kiganjani. Alimwambia maneno ya kwao kwa sauti ndogo. Bahati akimaliza alikuwa anajilaza mgongoni anatetemeka, anakojoa, na mkia wake unapiga vumbi kama mtu anayekung'uta mkeka. Nilikuwa nimeona mbwa walioogopa. Wakati ule mji ulikuwa umejaa mbwa walioogopa, waliopita ukutani mkia umebanwa tumboni kila bunduki ilipolia. Kwa nini Bahati alikojoa sikujua. Lakini kwamba alikuwa na furaha, hilo mtu yeyote mwenye macho angelijua, na mimi macho nilikuwa nayo, yamebandikwa kwenye ufa wa mlango. Nilichokiona pale nilikiona kama wizi. Mbwa wangu aliibwa kwa ukoko wa wali.

Kikao kilikuwa alasiri, uani. Mama amempakata Amisi, Koko kwenye kiti chake, Feza amekaa chini amenyoosha miguu, mikono mapajani. Koko hakupiga kelele, alikuwa mwanamke wa haki kwa namna yake, na alitaka kusikia pande zote.

"Mama Mwamini," alimwambia mama, "mimi sina ubaya na mutoto yako. Lakini mbwa iko inaona."

"Huyu ni mutoto ya mudogo yangu," mama akasema. "Nitamutupa wapi, Koko?"

"Sikusema umutupe. Avuke tu Alunguli, kule kuko watu ya kwao Pangi. Amisi akipona, tutaona." Kisha akanitazama mimi. "Wewe njo unalala naye, unashinda naye. Na mbwa ni yako. Sema kweli. Mbwa iko na nini na huyu mutoto?"

Kila mtu aligeuka. Feza pia aligeuka, na uso wake ulikuwa umetulia, hata nikashangaa. Nakumbuka harufu ya moshi wa kuni mbichi. Nakumbuka Amisi akikoroma kwa homa. Ningesema tu: anamlisha asubuhi. Maneno mawili yangetosha.

"Anamuogopa, Koko," nikasema. "Akimuona tu, anatetemeka. Hata asubuhi, watu wakiwa bado hawajatoka."

Hilo la asubuhi nililiongeza mwenyewe. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Feza hakulia wala hakujitetea. Aliinamisha kichwa akaanza kuchuna ngozi ya kidole gumba. Kesho yake mama alimfungia nguo zake kwenye kitenge, akamsindikiza hadi mtoni, akamkabidhi kwa mwanamke mmoja wa Pangi aliyekuwa anavuka. Sikwenda. Nilibaki nimemshika Bahati shingoni kwa kamba, na alivuta mpaka akajikaba, nikamwambia anyamaze, yeye ni wangu.

Homa ya Amisi iliisha siku ya sita. Koko alishukuru Mungu kwa sauti, na mama hakuitikia.

Sasa sikilizeni. Bahati hakula siku mbili. Siku ya tatu Koko, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwonea huruma akamtupia kichwa cha samaki. Siku ya nne akamtupia tena. Baada ya wiki moja au zaidi kidogo, asubuhi, Koko alitoka na birika lake la udhu, na Bahati akamkimbilia masikio yamelala nyuma, akajitupa chini, akageuza tumbo, akatetemeka mwili mzima, akamkojolea Koko miguuni.

Tulikuwa wote uani. Mama alikuwa na mchi mkononi, na mchi ulibaki juu. Koko alitazama miguu yake iliyolowa, akamtazama mbwa, akatutazama sisi mmoja mmoja. Huwa najaribu kucheka nikikumbuka, maana sura ya Koko siku ile ilistahili kuchekwa, na sijawahi kufaulu.

"Mbwa mupumbavu," akasema mwisho, akarudi ndani kuchukua maji mengine.

Mama aliulaza mchi chini. Hakumwuliza Koko kitu, wala mimi. Alijifunga kitenge, akaniachia Amisi, akaenda mtoni. Alirudi saa sita. Upande wa pili kulikuwa na risasi, wenye mitumbwi walikataa kuvuka. Alikwenda kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya nne alivuka. Alipofika, yule mwanamke wa Pangi alimwambia kwamba watu wa msituni walipita wakakusanya vijana wa kuwabebea mizigo, na Feza alikuwa kati ya waliochukuliwa. Mama alitueleza hayo akiwa amesimama, bila kukaa. Koko aliswali siku ile muda mrefu kuliko kawaida. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko nikakaa pale pale Feza alipokuwa akimlishia Bahati.

Feza alirudi. Ilipita mvua moja nzima na kiangazi, lakini alirudi, kwa miguu tena, hadi Alunguli, na hapo akakaa. Mama alimfuata kumleta nyumbani, akakataa kwa heshima. Mshona nguo mmoja alimchukua akamfundisha kazi. Koko alifariki bila kumtaja. Mimi nilisoma, nikaolewa, nikazaa, yote hapa hapa Kindu, na miaka hii yote Feza alikuwa ng'ambo ya mto, safari ya dakika kumi kwa mtumbwi wenye mota. Tulionana kwenye misiba. Tulisalimiana, tukaulizana watoto, kila mmoja akarudi upande wake. Nilikuwa najiambia kwamba yeye ndiye hataki mazoea.

Basi mwezi uliopita, Neema akaletewa mbwa, na mbwa akaanza yale yale. Kwa Neema tu. Neema aliogopa kwamba ni ugonjwa, akamwita veterinere, kijana mmoja anayezunguka na baisikeli kuchanja mbwa na mbuzi. Alimtazama mbwa akijitupa na kulowesha saruji, akacheka.

"Haiko ugonjwa, mama. Njo heshima yake. Anamuambia huyu mutoto: wewe mukubwa, mimi mudogo, ninakupenda. Furaha inamuzidi, mukojo inatoka. Akikomaa itaisha. Musimukaripie, ukimukaripia njo unaongeza."

"Watu wanasema anaogopa," nikasema.

"Kuogopa? Hapana. Uangalie mukia."

Hapo ndipo nilipochukua beseni la nguo, na baadaye harufu ikanipata barazani, na mengine nimeshawaambia.

Jumamosi nilivuka. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya veterinere kichwani, nayarudia ndani ya mtumbwi nisisahau hata moja. Nilimkuta Feza kwenye kibanda chake cha ushonaji, mguu kwenye pedali ya cherehani, miwani imeshuka puani. Nywele zimeanza kuwa nyeupe kwenye paji la uso. Alinipa kiti. Nikaanza kumweleza, mwanzo hadi mwisho: mbwa wa Neema, mkojo, mtetemo, heshima, furaha inayozidi. Nilieleza kama mwalimu. Nikamaliza kwa kusema kwamba wakati ule hatukujua, hakuna aliyetufundisha, tulikuwa watu wa vita.

Aliivua miwani akaifuta na kipande cha kitambaa.

"Mwamini, umevuka muto ju ya kunieleza mbwa?"

Nikaanza tena habari ya mkia, akanikatiza.

"Mimi nilijua Bahati ananipenda. Sikungojea veterinere. Mama hakujua, ndiyo. Koko hakujua. Wewe ulikuwa nyuma ya mulango ya jiko kila asubuhi. Nilikuwa naona vidole yako ya miguu chini ya mulango." Alisema hayo bila hasira, akiwa anaitazama miwani yake dhidi ya mwanga. "Siku ile Koko alipokuuliza, nilifurahi sana. Nilisema mu roho yangu, Mungu asante, wamemuuliza mwenye aliona."

Kwa hiyo ndiyo maana uso wake ulikuwa umetulia. Nilikuwa nimeubeba uso ule miaka yote nikidhani ni kiburi.

"Nilijua, Yaya," nikasema. "Nilijua. Unisamehe."

Hakusema amenisamehe, na hakusema hajanisamehe. Mteja aliingia kuulizia suti ya sherehe, wakaongea, mteja akatoka. Feza alikunja jora la kitambaa, akajaribu kuliweka juu ya kabati, na mkono wake wa kulia ukafika begani ukagoma.

"Niwekee kule juu," akaniambia. "Hii mukono haipande tangu ile mizigo."

Nikalichukua nikaliweka. Lilikuwa jepesi. Alinishukuru kama anavyoshukuriwa mtu yeyote aliyesaidia, akarudi kwenye cherehani, na mimi nikakaa pale hadi alasiri nikimkatia nyuzi, kwa sababu hakunifukuza na sikujua pa kwenda.

Zamani nilijiambia kwamba siku ile uani niliulizwa habari za mbwa, nikakosea, kama watoto wanavyokosea. Niliulizwa kama Feza abaki au aende. Nilikuwa na miaka tisa, swali nililielewa, na nilijibu.